Upinde, Blanketi na Mzigo wa Kuni

Ninyi vijana wa Butembo mnaopita mbele ya mlango wangu na pikipiki, mmevaa makoti yenu mbele-nyuma ili upepo wa Lubero usiwaingie kifuani, nawaona kila asubuhi na ninacheka peke yangu. Siwadharau. Hilo la kugeuza koti mmelivumbua wenyewe, bila kufundishwa na mtu. Mimi, kabla ya kujua namna ya kukutana na baridi, ilibidi nigombezwe na mzee mmoja wa Eringeti mpaka masikio yakaniwaka.

Juzi wawili kati yenu waliingia kwangu kujikinga na mvua. Waliona upinde ukutani, wakauliza kama ni pambo. Nikawaambia ni chombo cha kazi, kama spana zao. Wakataka kujua mtu wa msitu wa joto alifuata nini na upinde kwenye mlima wa baridi. Nilipofika katikati ya jibu mvua ikakatika, nao wakakumbuka wateja wao. Basi sehemu iliyobaki naiandika hapa, maana nimeona nisipoiandika nitabaki kumsimulia mke wangu, na yeye ameshachoka kuisikia.

Nilikuwa mlinzi wa mashamba. Usifikirie mtu wa kusimama kwenye lango na rungu. Kazi yangu ilikuwa kuzuia nguruwe pori, nyani na kila mwenye meno asimalize chakula cha watu. Nilianza kwenye shamba la kahawa karibu na Beni, kabla ya uhuru. Bwana wa shamba alikuwa na bunduki, na sisi tulikuwa watu wa kufukuza wanyama kwa kelele ili yeye apige. Uhuru ulipokuja aliondoka na bunduki yake. Baadaye zikaja bunduki nyingine, kisha wakaja waasi tuliowaita Simba, kisha wakaja askari kuwafukuza waasi, na askari wakakusanya kila bunduki waliyoiona, hata ile iliyokuwa na kutu ya miaka. Nguruwe peke yao ndio waliofurahia mambo hayo.

Hapo ndipo watu walipomkumbuka Tata Ndaliko. Alikuwa mzee mfupi wa Eringeti, kwenye ukingo wa msitu mkubwa, na hakuwahi kuacha upinde hata siku za bunduki. Sisi vijana tulimwona mtu wa zamani. Bunduki zilipokwisha, tulianza kumwamkia kwa heshima kutoka mbali. Mimi nilikuwa tayari mume na baba wa watoto, lakini nilikwenda kwake nikaanza upya.

Niwaambieni wazi, nilimpenda yule mzee na ninampenda bado. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, wenye kalamu na wenye nyota mabegani, lakini sijamwona mwingine aliyekuwa akifikiria safari ya mwenzake kuliko ya kwake.

Habari ilitufikia kupitia mfanyabiashara wa maharagwe. Dada mdogo wa Tata Ndaliko, Mama Masika, aliolewa juu sana, upande wa Masereka, kule ambako mianzi inaanza na jua linaonekana likitaka. Mume wake alikufa katika fujo za waasi. Nyumba yake ilijaa ndugu waliokimbia, na watu wote wale walikuwa wakingojea kitu kimoja, viazi vilivyokuwa ardhini, ambavyo kwetu tunaviita birayi. Nguruwe pori walikuwa wameshaonja. Walikuja kila alfajiri kutoka kwenye mianzi, wakafukua mstari baada ya mstari. Mama Masika alimpa yule mfanyabiashara maneno machache tu.

"Ambia kaka yangu asikuje kunililia bwana yangu. Akuje na mishale. Birayi ikiisha, hapa tutakufa."

Mimi ningeondoka siku ileile. Tata Ndaliko alikataa. Alisema mtu wa joto akipanda kule kwa haraka, nguruwe watamcheka. Ndipo tukaanza matayarisho ambayo, kusema kweli, yaliniudhi kuliko safari yenyewe.

Kwanza, mikono. Kila asubuhi alinipeleka mtoni kabla jua halijatoka, akaniamuru nitumbukize mikono mpaka vidole vife ganzi. Nikishatoa, bila kupangusa, niweke mshale na kupiga shina la mgomba. Siku za kwanza mshale uliangukia miguuni pangu. Wanawake waliokuja kuchota maji walijipangia muda wao ili wasikose ile burudani.

"Tata, minafanya hii juu ya nini?" nilimuuliza.

"Juu ya kule, vidole yako itakuwa ya mutu mwingine," alinijibu. "Afazali ujuane naye hapa."

Pili, kamba. Msituni kwetu tulikata ukanda wa kekele, ile mimea ya kutambaa inayosukiwa vikapu, tukaufunga kwenye upinde na mambo yakaisha. Tata alisema kekele ikipigwa na baridi inakakamaa na kukatika mkononi. Akasokota kamba za nyuzi za magome ya mti, akazisugua kwa nta ya nyuki mpaka zikang'aa. Wakati wa kusokota alinisimamisha mbele yake. "Nyoosha mukono," alisema. Nikanyoosha, naye akapitisha kamba kutoka kifuani pangu hadi ncha ya vidole, akarudia, akanung'unika, akafungua, akaanza tena. Nilikaa vile mpaka bega likauma. Nilijiona nimegeuzwa mti wa kuanikia nguo.

Tatu, mishale. Sisi tulizoea kuweka jani mkiani mwa mshale liuongoze. Kule kwenye ukungu jani linalegea. Akabandua majani yote, akaweka manyoya ya kanga yaliyopakwa mafuta. Nne, mafuta yenyewe, mawese yaliyogandishwa ndani ya kibuyu, ya kupaka midomo na mikono. Tano, mablanketi mawili ya zamani, kila moja limetobolewa katikati pa kupitisha kichwa, mikono ibaki huru.

Mimi nami nilikuwa na matayarisho yangu. Nilijipatia koti la mvua la plastiki, la kuazima kwa shemeji, nikalivaa mbele ya Tata nikijisikia mkubwa. Akaniomba nitembee. Nikatembea. Akaniomba nikae kimya na kuvuta upinde. Koti likalia kila nilipojigeuza.

"Hiyo koti itaita banguruwe yote ya Lubero," alisema, kisha akaongeza lakini yake ya Kifaransa. "Mais usiitupe. Itafunika kuni."

Nikadhani sikusikia vizuri. Alikuwa anasema kweli. Alitaka tubebe kuni, kuni kavu za Eringeti, tuzipandishe kwenye mlima uliojaa miti. Nilibishana naye siku nzima. Nilimwambia watu wa barabarani watatuona wendawazimu. Aliendelea kupasua kuni, vipande virefu vyembamba. Mwishowe nilizifunga ndani ya lile koti, nikazikaza kwa kamba, nikamwambia mzigo huo mimi siubebi. Niliubeba mimi.

Lipo jambo moja ambalo sikukubali kabisa, nalo ni upinde. Wangu ulikuwa wa baba yangu, mweusi kwa moshi, na nilijivunia. Tata aliushika, akaukunja kidogo, akautegea sikio.

"Hii ni ya joto," alisema. "Kule itapasuka. Minaweza kukufanyia ingine."

Nilikasirika. Nilimwambia upinde wa baba yangu umeua wanyama kabla yeye hajaota mvi. Akanirudishia. Jioni nikamwona anachonga upinde mpya, wa mti mwingine, mweupe, mrefu kwa mtu wa kimo chake. Akaupaka mafuta kila siku na kuuweka mbali na jiko. Nikamuuliza ni wa nani.

"Wangu."

Akajaribu kuuvuta mbele yangu, ukafika nusu, akauachia akikohoa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Tata, hii hautaiweza."

"Baridi itanipa nguvu," alisema, akaendelea kupaka mafuta.

Nilisahau kusema kwamba natumia mkono wa kushoto. Mama yangu alijaribu kunigeuza nilipokuwa mdogo, akachoka. Wawindaji wenzangu walinitania kwamba mimi napiga wanyama wa upande wa pili wa mto. Lishikeni hilo, litatufaa mbele.

Basi tukaondoka, watu wawili, pinde zetu zimefungwa wazi mgongoni. Hapo pia tulikuwa tumejadiliana. Siku zile mtu mwenye mishale barabarani alikuwa na jina moja tu, muasi, na waliopewa jina hilo hawakupewa muda wa kulikataa. Mimi nilitaka tufiche pinde ndani ya mkeka. Tata akasema wakizikuta zimefichwa tumekufa, afadhali wazione, kamba ikiwa imefunguliwa ili kila mtu ajue hazipigi.

Alifikiria kila kitu, ila hakufikiria koti la shemeji.

Kwenye kizuizi, tulipoingia Butembo, kulikuwa na askari wachache na sajenti wao. Sajenti alitoka mbali, upande wa Equateur, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani. Alikuwa anatetemeka ndani ya sare nyepesi, maana Butembo haikumhurumia. Alitazama pinde zetu, akakunja uso. Kisha akaona mgongoni mwangu mzigo mrefu, mwembamba, umefungwa ndani ya plastiki. Hata mimi nilipoangalia macho yake, ndipo nilipoona mzigo wangu unafanana na nini. Askari mmoja akaandaa bunduki.

"Tika awa," alisema sajenti. Weka hapo. "Hiyo murefu ni nini?"

 Tata Ndaliko ndiye aliyejibu, akimwita mkubwa kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa bei ya ndizi.

"Ni kuni, chef."

"Kuni? Fungua. Noki, haraka."

Vidole vilinishinda kufungua fundo, na safari hii haikuwa baridi. Tata akapiga magoti akalifungua. Kuni zikatawanyika barabarani. Sajenti akazigeuza moja moja kwa kiatu, akainama, akaokota kipande, akakinusa.

"Munaenda wapi?"

"Masereka, chef. Kwa dada yangu."

"Na kule hakuna miti?"

"Iko mingi. Mais yote inalia maji. Ukiiwasha utalala na moshi, moto hapana. Donc, basi, tunabeba ya kuanzia."

"Na hii mishale?"

"Ya banguruwe. Iko inakula birayi ya bayatima."

Kisha, bila kuulizwa, Tata akaanza kutoa vitu vyote na kuvipanga juu ya nyasi, kibuyu cha mafuta, kamba za akiba, manyoya, mablanketi. Alieleza kazi ya kila kimoja. Sajenti alisikiliza. Tata alipofika kwenye blanketi, sajenti akalichukua, akaliangalia lile tundu, akapitisha kichwa chake. Akasimama hivyo, amevaa blanketi letu juu ya sare, bunduki begani. Nikajua blanketi limekwenda, na nikawa tayari kulitoa pamoja na shati langu, tupite tu.

"Muasi, nimeona mingi," alisema polepole. "Muasi anakuja na majani ku kichwa, tumbo wazi. Mutu ya kuni na blanketi, huyo haendi ku vita. Huyo anaogopa kufa."

"Ninaogopa sana, chef," alisema Tata.

Askari wote wakacheka, hata yule aliyekuwa ameandaa bunduki. Sajenti akavua blanketi, akalirudisha, lakini akataka kujua kwa nini tundu halichaniki. Tata akamwonyesha namna ya kushona kingo zake kwa uzi wa magunia. Akamwachia na mafuta kidogo ya midomo, iliyokuwa imepasuka vibaya. Tulipokuwa tumeshapita, na nyumba za mwisho za Butembo ziko nyuma yetu, nilikaa kando ya barabara nikaufunga upya mzigo wa kuni. Tata alikaa pembeni yangu mpaka nikamaliza. Tangu siku ile sijawahi kulalamikia uzito wa kuni.

Mama Masika alitupokea bila machozi, kama alivyoagiza. Alikuwa mwanamke mwembamba, amejifunga vitenge viwili juu ya koti la marehemu. Alitupeleka moja kwa moja shambani. Nusu ya mistari ilikuwa imepinduliwa. Watoto walikuwa wanaokota vipande vilivyoachwa na meno ya nguruwe.

"Hii nusu ingine ni yetu ao ni yao," alisema. "Ninyi njo mutaniambia."

Jioni ile ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Kuni za kwao zilikuwa zinatoa povu na moshi, zetu zikawaka mara moja, na nyumba nzima ikasogea kuotea moto. Mama Masika alishika kipande kimoja kikavu, akamtazama kaka yake, akasema tu, "Wasingya." Kwa Kinande ni asante, na alivyoisema ilinitosha hata mimi niliyezibeba.

Halafu nikafanya alichofanya baba yangu maisha yake yote. Msituni kwetu unyevu ndio adui, kwa hiyo mwindaji anaporudi hutundika upinde juu ya moto. Nikautundika. Mkono wenyewe ndio uliofanya, akili ilikuwa imelala. Tata alikuwa ameniambia Eringeti, na akaniambia tena njiani, kwamba kule baridi ni kali na moto ni mkubwa, mti haupendi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Yeye upinde wake mweupe alilala nao chini ya blanketi, mbali na jiko, na kamba ameiweka kwapani.

Alfajiri, kabla ya kutoka, nilifunga kamba nikavuta kujaribu. Upinde wa baba ulilia mara moja, ukapasuka katikati, urefu wa kiganja.  Mama Masika aliangalia upinde, akaangalia shamba, akageuka akashika jembe lake mikono miwili. Kama angenitukana ningeumia kidogo zaidi ya hapo, si sana.

Tata Ndaliko alikuwa anakohoa. Mikono yake ilikuwa imevimba kwa baridi, vidole havikunjiki. Akanipa upinde mweupe.

"Twende," alisema. "Bamekaribia."

Tulilala kifudifudi nyuma ya tuta la mwisho. Niliingiza mikono kwapani kama nilivyofundishwa, nikaitoa pale nilipoona mianzi inatikisika. Walikuja wakinong'ona kwa pua, jike na watoto nyuma, dume kubwa mbele, manyoya ya mgongo yamejaa umande. Vidole vyangu vilikuwa vya mtu mwingine, lakini nilikuwa namfahamu, tulijuana mtoni. Nikaweka mshale. Hapo ndipo nilipohisi kitu chini ya kidole gumba. Kwenye mshiko, pale mshale unapolala, Tata alishona kipande cha ngozi ili usiteleze. Kwenye upinde wa mtu yeyote wa kule kwetu ngozi hiyo inakaa upande mmoja. Kwenye upinde huu ilikaa upande wa pili, upande wangu.

Nikavuta. Kamba ilifika shavuni pale hasa inapotakiwa kufika, wala haikupungua wala haikuzidi. Nikaachia.

Dume lilikimbia likaanguka kabla ya mianzi. Wengine walirudi walikotoka kwa kishindo. Tulibaki kule mpaka viazi vikatolewa ardhini. Nguruwe walijaribu tena mara chache, wakakutana nasi, kisha wakahamia kwingine. Ile nusu iliyobaki ililiwa na watu, na ya mbegu ikapatikana. Mama Masika alinipa mzigo mkubwa wa viazi nibebe badala ya kuni, na safari hii sikubishana.

Lakini asubuhi ile ya kwanza, wakati watoto wanashangilia nyama, nilimfuata Tata Ndaliko pale alipokaa juani, jua dogo la kule.

"Tata, upinde yako iko wapi?"

"Iko Eringeti, ku nyumba."

"Na hii?"

 Alikuwa anajaribu kufungua na kufunga vidole vyake, akivitazama bila huzuni.

"Mi siwezi tena kuvuta kitu ku baridi. Nilijua," alisema. "Na wewe ungekataa upinde yangu. Basi ulikuwa unanichekea, na mi nilikuwa ninapima mukono yako."

Baadaye bunduki zilirudi, zikaenda, zikarudi tena. Siku hizi naona wawindaji wanafunga kamba za nailoni na kuvaa jaketi za China, na ninakubali ni vitu vizuri, nta ya nyuki ilikuwa inanata kila mahali. Tata Ndaliko alizikwa Eringeti zamani, na nilikuwa mmoja wa waliombeba. Upinde mweupe umekuwa wa kahawia. Uko ukutani kwangu hapa Butembo, mbali na jiko, na bado naupaka mafuta.

Mnaweza kuingia kuuona, hata siku isiyo na mvua. Na kama kuna mmoja kati yenu anayetumia mkono wa kushoto, yeye apite mbele. Nitamwambia anyooshe mkono.